Mama Mkwe Alipolazwa Kwenye Wodi Yangu

Nilikuwa nimeshaoa na nina mtoto mmoja nilipoanza kusomea uuguzi. Wengi wakisikia hivyo hudhani nilichelewa kwa sababu ya alama mbaya. Sivyo. Baiolojia nilifaulu vizuri, Kemia wastani, Fizikia nilipita kwa kusukumwa kama gari lisilo na betri, lakini nilipita. Kilichonichelewesha ni pamba. Nilimaliza kidato cha nne mwaka ambao mvua zilinyesha vizuri kijijini kwetu Sapiwi, na baba akaniambia nisubiri tuvune kwanza. Msimu ule ukafuatwa na mwingine, na katikati ya misimu hiyo nikaoa.

Mke wangu ndiye aliyelifufua suala la shule. Tulikuwa shambani tunapalilia, mtoto amelala kwenye kivuli cha mkokoteni. Akasimama, akaegemea mpini wa jembe.

"Hivi vyeti vyako viko wapi?"

"Kwa mama, sandukuni."

"Vinafanya nini huko?"

Jioni ile nikaenda kuvichukua. Wiki hiyo hiyo tulipanda bodaboda hadi Bariadi mjini, tukaingia kwenye steshenari moja karibu na soko, na dada wa pale akatujazia maombi ya chuo kwenye kompyuta. Aliniuliza nataka kusoma nini. Nikasema utabibu. Akataka chaguo la pili. Nilimgeukia mke wangu, naye alikuwa ameshika cheti changu akisoma alama kama mtu anayekagua mbegu. "Weka uuguzi," akasema. Majina yalipotoka, nilikuwa nimechaguliwa uuguzi na ukunga, stashahada ya miaka mitatu, kwenye chuo cha mkoa wa jirani.

Kumweleza baba kulinipa kazi. Baba ni mtu wa pamba na ng'ombe, na kwake neno "nesi" lilikuwa na maana moja tu, mwanamke mwenye gauni jeupe.

"Nesi," alisema.

"Muuguzi, baba."

"Si ndiyo huyo huyo? Wanaume wapo?"

"Wapo."

"Wengi?"

"Sijui."

"Basi nenda. Ukifika uwahesabu, uje uniambie."

Tulikuwa wengi kuliko alivyofikiri, karibu nusu ya darasa. Nilipompigia simu kumwambia, aliniuliza tu kama chakula kinatosha. Nikajua limekwisha.

Mwaka wa kwanza nilijifunza kutandika kitanda. Nasema hivyo bila utani. Nyumbani kwetu sikuwahi kutandika kitanda hata siku moja, na sasa mkufunzi wetu, mama mmoja wa Bukoba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alinisimamisha mbele ya wenzangu niikunje pembe ya shuka mpaka ikae sawa. Ilikataa. Akaifumua. Nikarudia. Akaifumua tena. "Mgonjwa analala kwenye mikunjo hii siku nzima," alisema. "Mkunjo mmoja tu ukimkaa mgongoni, kesho ana kidonda ambacho hakuja nacho." Likizo ya kwanza niliporudi nyumbani nilitandika kitanda cha mama kwa namna ile ya chuoni, shuka imekazwa kama ngozi ya ngoma. Usiku mama alishindwa kuingiza miguu, akanicheka mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Lugha nayo ilinisumbua. Nyumbani tunasema Kisukuma, shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, na vitabu vya chuo vyote ni vya Kiingereza. Kiungo kimoja cha mwili kilikuwa na majina matatu kichwani mwangu, na kwenye mtihani lilikuja lisilotakiwa. Lakini tulipoanza kwenda hospitali kwa mafunzo ya vitendo, majina yale matatu yakawa mali. Wauguzi wengi walikuwa wametoka mikoa ya mbali. Mgonjwa mzee wa kijijini akieleza maumivu yake kwa Kisukuma, walikuwa wananiita. "Wewe wa hapa, njoo uniambie huyu mzee anasema nini." Nikawa mkalimani wa wodi kabla sijawa muuguzi wa wodi.

Wodi ya wazazi ndiyo niliyoiogopa kuliko zote. Kila mwanafunzi, wa kike na wa kiume, lazima azalishe chini ya usimamizi, na mkunga anayekusimamia athibitishe kwa saini yake kwamba umeweza. Mama wa kwanza niliyesogea kwake aliniona, akamwambia mkunga, "Huyu mwanaume atoke." Nikatoka. Alikuwa na haki yake. Wa pili naye alikataa. Wa tatu hakuwa na muda wa kukataa, mtoto alikuwa anakuja. Mkunga alisimama begani kwangu akinielekeza kwa sauti ya taratibu, na yule mama baada ya kuwekewa binti yake kifuani akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kumbe wewe ni mwanaume," alisema. Mkunga alicheka mpaka akashika meza.

Hayo yote yalikuwa mepesi. Lililonijia mwaka wa tatu ndilo lililokuwa zito, angalau kwa mtu aliyezaliwa kwetu.

Inabidi nieleze jambo la ukwe. Kwetu mama mkwe huheshimiwa kwa kukaa naye mbali. Tangu nioe sikuwahi kula mbele yake, sikuwahi kukaa naye chumba kimoja, sikuwahi kumshika mkono. Nikikutana naye njiani, naacha njia, naye anageuza uso. Salamu hupita kwa mke wangu au kwa mtoto. Sikumchukia, naye hakunichukia. Ndiyo heshima yenyewe ilivyo, na mke wangu alikuwa na fahari kwamba mume wake anaijua.

Mwaka huo wa tatu nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo Maswa. Nilipanga chumba Binza pamoja na mwenzangu mmoja wa darasa, na kila asubuhi tulikwenda hospitali kwa miguu tukiwa na sare zetu zilizopigwa pasi. Nilipangiwa wodi ya upasuaji ya wanawake. Msimamizi wake, tuliyemwita Inchaji kama wodi zote zinavyowaita wasimamizi wao, alikuwa mama wa Tanga, mrefu, mwenye hijabu nyeupe isiyoingia doa hata zamu ikiwa ngumu vipi. Alipenda kazi ikienda haraka na maneno yakienda taratibu.

Asubuhi moja walipokabidhiana zamu nilisikia ripoti kwamba kitanda cha dirishani amelazwa mama aliyeungua mguu kwa maji ya moto, sufuria la ugali wa sherehe ya kipaimara huku huku Maswa limempindukia, kuanzia chini ya goti hadi kwenye vidole. Anahitaji kusafishwa kidonda na kufungwa bandeji kila siku. Sikuwaza lolote. Nilipanga vifaa vyangu kwenye toroli, vibano, gozi, maji ya chumvi, bandeji, nikalisukuma hadi dirishani, nikavuta pazia.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Alinitambua wakati ule ule nilipomtambua. Akavuta kitenge akajifunika kichwa chote. Mimi nikarudi nyuma na toroli langu, nikagonga kitanda cha jirani, kibano kikaanguka sakafuni. Nikatoka nje ya pazia na jasho linanitiririka.

Inchaji alikuwa mezani anaandika. "Umeona nyoka?"

"Hapana, sista. Nimeona mkwe."

"Mkwe gani?"

"Mama yake mke wangu. Yuko kitanda cha dirishani."

"Basi si vizuri? Mgonjwa amepata mtoto wake wa kumhudumia."

Nilimweleza. Alisikiliza huku kalamu imesimama hewani. Kwao Tanga, aliniambia, mama mkwe ni mama, unakaa naye unakula naye, na akiugua wewe ndiye wa kwanza kuitwa. Nikasema kwetu sivyo. Akanyanyuka, akavaa glovu, akaenda kumfunga mwenyewe, na mimi nikabaki nje ya pazia namkabidhi vifaa kwa mkono mmoja nikiwa nimeelekea ukutani. Wagonjwa waliokuwa macho walifurahi sana.

Siku hiyo mke wangu alifika kutoka Sapiwi akimwongoza mtoto kwa mkono. Alikuwa amepigiwa simu kuhusu mama yake, lakini hakujua amelazwa wodi ipi. Aliponikuta mlangoni na sare yangu akaelewa yote bila kuambiwa. Alijaribu kusikitika, ila mdomo ulikuwa unamcheza.

"Sasa utafanyaje?" akauliza.

"Nitaomba nihamishwe wodi."

Kesho yake nikaomba. Inchaji hakukataa wala hakukubali. Alinikalisha.

"Sikiliza. Nikikuhamisha leo, utakwenda wodi ya wanaume, utamkuta baba mkwe. Utahama tena? Ukishasajiliwa, watakupangia kituo cha afya huko huko kwenu, kila anayeingia ni shangazi, ni mkwe, ni jirani. Huwezi kuwa muuguzi wa wageni peke yao." Akashusha sauti. "Lakini mgonjwa ana haki ya kukataa, na mila yake ni yake. Simlazimishi yeye na sikulazimishi wewe. Kamuulize. Akikataa, nitamfunga mimi mpaka apone."

"Nitamuulizaje, sista, wakati siruhusiwi kusema naye?"

"Hilo ni swali la kwenu."

Nilisimama katikati ya wodi kama mti. Mke wangu alikuwa ametoka kwenda kufua. Nikavuta pazia kidogo, nikasimama upande wa miguuni, uso nimeelekeza chini. Mama mkwe akajifunika.

Aliyetuokoa ni bibi wa kitanda cha jirani, ambaye mkono wake ulikuwa kwenye plasta baada ya kusukumwa na ndama zizini. Alikuwa ameelewa kila kitu tangu jana.

"Leteni maneno hapa," akasema kwa Kisukuma. "Mimi si mkwe wa mtu humu ndani. Nitayapeleka."

Nikamgeukia bibi. "Mwambie mama kwamba nimekuja kumfunga kidonda, kama ataridhia."

Bibi akageuza shingo. "Mkweo anasema amekuja kukufunga kidonda, ukikubali. Anatetemeka."

"Sikusema natetemeka."

"Hilo nimeongeza mwenyewe. Naliona."

Kutoka chini ya kitenge ikaja sauti ambayo katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimeisikia kwa mbali tu, nyuma ya ukuta. "Muulize kama anajua."

"Anauliza kama unajua."

"Mwambie niko mwaka wa tatu, nimeshafunga vidonda vingi, na sista yuko hapa ananisimamia."

"Anasema sista yuko hapa."

Inchaji alikuwa amesimama nyuma yangu na mikono yake kifuani. Hakuelewa neno hata moja, lakini hakuuliza.

"Mwambie afunge," sauti ikasema. "Lakini asinitazame usoni."

"Mwambie kazi yangu iko mguuni tu."

Bibi hakuipeleka hiyo. "Amesikia," akasema.

Nikanawa mikono, nikavaa glovu, nikaketi. Gozi la jana lilikuwa limekauka na kushikana na ngozi. Nikalilowesha kwa maji ya chumvi, nikasubiri, nikalilowesha tena. Mkufunzi wa Bukoba alikuwa ametufundisha kwamba mwenye haraka anaivua ngozi mpya pamoja na bandeji. Nilikuwa nikilibandua taratibu kutoka pembeni wakati mguu ule ulipokaza. Nikaacha hapo hapo, nikaongeza maji.

"Mwambie panauma," mama mkwe akasema.

"Ameshaacha," bibi akajibu, na nadhani aliudhika kidogo. "Sasa mkiwa mnaelewana hivyo, mimi kazi yangu nini?"

Nilipomaliza, bandeji imekaa vizuri kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, Inchaji aliikagua kwa kidole. "Safi," akasema. Kutoka kwake hilo lilikuwa neno kubwa. Na kutoka chini ya kitenge likaja "wabeja," ahsante ya kwetu, halikupitia kwa bibi wala kwa mtu yeyote. Nikasukuma toroli langu hadi chumba cha vifaa, nikafunga mlango, nikapumua.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi nilifika, bibi alijiweka sawa kwenye mto wake kama karani anayefungua ofisi, na maneno yakaanza kupita. Alikuwa mkalimani asiyeaminika hata kidogo. Nikimwambia aulize kama mgonjwa amekunywa maji ya kutosha, alifikisha kwamba mkwe analalamika mgonjwa ni mkaidi. Mama mkwe akiuliza kama atatembea vizuri, mimi niliambiwa kwamba ameuliza lini atacheza ngoma. Wodi nzima ilikuwa inasubiri saa hiyo. Nilijiona mjinga. Mimi niliyekuwa mkalimani wa wazee wote wa wodi nilikuwa nahitaji mkalimani kusema na mtu wa lugha yangu mwenyewe aliyekuwa umbali wa mkono.

Kisha bibi akaruhusiwa. Wanawe walikuja na bajaji, akatuaga mmoja mmoja, akaniambia nisioe mke wa pili kwa sababu wakwe wawili sitawaweza.

Asubuhi iliyofuata kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, hakina mtu. Mke wangu alikuwa ametoka na mtoto kwenda kupika uji. Inchaji alisimama kwenye pazia, kisha akaitwa kitanda cha pili, akaniambia, "Anza, niko hapa hapa."

Nikaweka toroli. Mama mkwe alikuwa ametazama dirishani. Kitenge kilikuwa mabegani, si kichwani.

"Mwangaluka," akasema, salamu ya asubuhi, akiliambia dirisha.

"Mwangaluka, mayu," nikajibu, yaani mama, nikiliambia toroli.

"Yule ameondoka."

"Ameondoka."

"Sasa tutafanyaje?"

"Sijui, mayu."

"Hata mimi sijui."

Nikaanza kulowesha gozi. Nje kulikuwa na watu wanapanga foleni ya kliniki, mtoto mmoja analia, mtu anauza karanga. Baada ya muda akasema, "Leo pananiwasha. Hapaumi, pananiwasha. Hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Ni nzuri. Ngozi inarudi. Ila usikune."

"Nilikuna jana kidogo."

"Nimeona."

Akacheka. Sikujua mama mkwe wangu anacheka namna ile, kwa pumzi ya puani, kama mke wangu kabisa. Akaniuliza maji yale ni ya nini. Nikamweleza. Akaniuliza kwa nini nanawa mikono wakati nina glovu. Nikamweleza. Akauliza kama kazi hii wananilipa. Nikasema bado nasoma, kwanza nimalize, halafu nifanye mtihani wa Baraza la wauguzi, nisajiliwe, nipate leseni, ndipo nitafute kazi. "Safari ndefu," akasema. "Kama kumlea ng'ombe wa kukopeshwa." Nikasema ni hivyo hivyo.

Mke wangu alipofika na uji, alisimama mlangoni, akatusikia, akarudi nyuma akidhani ameingia wodi isiyo yake. Baadaye aliniambia mama yake amesema nina mkono mwepesi. Nilikaa na sentensi hiyo wiki nzima.

Mguu ulipona. Aliruhusiwa akitembea na fimbo. Haikupita muda nikapata ujumbe kwamba baba mkwe ananiita nyumbani kwao. Nilikwenda na mke wangu nikiwa na wasiwasi, maana mila ilikuwa imevunjwa na mimi ndiye niliyeivunja, tena kwa mikono. Baba mkwe alinikaribisha kiti.

"Umemshika mama yako mguu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Wazee wameuliza. Nimewajibu kwamba mguu huo leo unakwenda kisimani. Lakini jambo lisiachwe hewani. Umeleta kitu?"

Mke wangu, ambaye anajua kwao kuliko mimi, alitoa kitenge kipya kwenye begi na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Mama mkwe akatoka ndani. Akavipokea kwa mikono miwili, kisha akaninyooshea mkono mbele ya wote. "Aliyenisafisha kidonda nitamkimbia njiani?" akasema. "Nitachoka." Tukala pamoja siku ile, yeye upande ule, mimi upande huu, na nilikula kidogo kwa aibu, lakini nilikula.

Nilimaliza chuo msimu wa kupanda pamba. Mitihani ya mwisho nilifaulu. Hapo ndipo watu wa kijijini walipodhani mambo yamekwisha. Nilirudi Sapiwi kusubiri mtihani wa Baraza, na ndani ya wiki ya kwanza wakaanza kuja. Mmoja amenunua sindano duka la dawa, anataka nimchome. Mwingine ana mtoto mwenye jipu, anataka nilipasue. Nikawa nawajibu wote namna moja: nendeni zahanati, mimi bado sina leseni. Nilimsindikiza mwenye mtoto hadi zahanati mwenyewe, lakini sikugusa lile jipu.

Maneno yakaanza. Kwamba nimesoma nikajisahau. Kwamba labda nimefeli naficha. Baba alivumilia, kisha akaniita.

"Umesoma miaka yote hiyo. Sasa kitu gani kinakuzuia?"

"Baba, kusoma ni jambo moja. Kuruhusiwa ni jingine. Baraza lazima linipime lenyewe, liniandike kwenye rejista, linipe leseni. Mpaka siku hiyo, mimi kwa sheria ni mtu wa kawaida kama wewe."

Siku ya pili yake alikuja yule mtu wa sindano, safari hii na lawama, akalalamika mbele ya baba kwamba mwanawe anaringa. Baba alikuwa anakaza kamba za jembe la maksai. Hakunyanyua hata kichwa.

"Ng'ombe wangu mwenyewe, nimemkuza mwenyewe, siwezi kumpeleka mnadani bila kibali," akasema. "Sembuse sindano kwenye mwili wa mtu? Nenda zahanati."

Tangu siku hiyo sikusumbuliwa sana.

Nilisomea mtihani ule nyumbani, mchana, baada ya kazi za shamba. Mke wangu aliishia darasa la saba, lakini alisema atanisikiliza. Alikaa na maswali ya miaka ya nyuma, anayasoma kwa Kiingereza kama yalivyoandikwa, herufi kwa herufi, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Halafu nikagundua kwamba nikimfafanulia kwa Kisukuma mpaka akaelewa, basi nami nimeelewa. Shinikizo la damu kwa mjamzito nililielewa pale, kwenye kivuli cha mkokoteni, nikichora kwa kijiti ardhini. Akaniuliza maswali ambayo hayakuwa kwenye karatasi. Mengine yalinishinda, nikarudi vitabuni.

Mtihani nilikwenda kuufanyia Mwanza. Wengi wetu tulikuwa tumesoma pamoja, tukakumbatiana nje ya ukumbi kama watu waliotoka vitani. Nilirudi na basi la mchana, nikanunua sato wawili wa kuwapelekea nyumbani. Kisha ikawa kusubiri. Kusubiri huko hakukuwa kubaya. Mvua zilikuwa nzuri, nilipalilia, mtoto alikuwa anaanza kuunganisha herufi, na mama mkwe alikuja kutusalimia akakaa siku nzima kivulini akichambua mchele na kunipigia stori za ujana wake. Kuna watu wanasubiri leseni wakiwa na roho juu. Mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimeshachelewa tangu mwanzo, nilikuwa nimetulia.

Majibu yalipotoka, mwenzangu niliyepanga naye Binza alinipigia simu akipiga kelele, sikumwelewa. "Sema taratibu," nikamwambia. "Tumefaulu wote wawili!" Nilikuwa katikati ya matuta. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele yangu, akageuka, akaniona uso, akatupa jembe.

Leseni ilikuja baadaye, na jina langu likaingia kwenye rejista: muuguzi msajiliwa. Mama yangu aliomba aione. Hajui kusoma, lakini alitazama kwa muda mrefu, akaniuliza jina langu liko wapi, nikamwonyesha, akaweka kidole chake hapo.

Nilipata kazi ya mkataba kwenye kituo cha afya ndani ya wilaya hii hii ya Bariadi. Siku ya kwanza nilifika mapema mno, mlinzi alikuwa bado anafagia. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mkulima aliyejikata kiganja kwa panga. Aliingia ameufunga mkono kwa kitambaa, akatazama huku na huku.

"Daktari yupo?"

"Yupo chumba cha pili, atakuona. Mimi ni muuguzi. Kaa hapa kwanza tuoshe."

"Nesi mwanaume," akasema, si kwa ubaya.

"Ndiyo."

"Una mkono mzito?"

"Utaniambia mwenyewe."

Nilimwosha, nikabana damu, tabibu akaja akashona, nikafunga. Kisha nikachukua faili lake nikaandika nilichofanya. Miaka yote ya masomo, kila nilichoandika kilikuwa na saini ya mtu mwingine chini yake, mkufunzi au Inchaji, kuonyesha kwamba anakubali. Nilifika chini ya ukurasa, nikashika kalamu nikisubiri, kwa mazoea, kisha nikakumbuka hakuna mwingine wa kusubiriwa. Nikaandika jina langu, namba yangu ya usajili, nikasaini.

Mkulima alikuwa ameinua mkono wake anaukagua ule mfungo pande zote. Akaniuliza arudi lini. Nikamwambia keshokutwa, asiloweshe, asishike jembe. Akasema asishike jembe mvua hii yote ataeleza nini nyumbani. Tukabishana kidogo, akakubali kumwachia mwanawe palizi. Akaondoka, na dada wa mapokezi akaniita, chai imeshamiminwa, niwahi maandazi kabla hayajaisha.